Bwana Popper na Mpaka wa Sayansi

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia neno hili likisemwa redioni, au na wauza dawa sokoni, au na mgeni aliyekuja kijijini na sanduku la chupa: "Jambo hili limethibitishwa na sayansi." Likisha kutajwa neno hilo watu hunyamaza, kana kwamba hakimu amekwisha kukata hukumu. Walakini wachache huuliza sayansi yenyewe ni nini, na ni alama gani inayoitenga na elimu ya bandia, ile iliyovaa kanzu ya sayansi na kusema kwa sauti yake, wala siyo. Mmoja aliyeliuliza swali hili kwa bidii kuliko wengi ni Bwana Karl Popper. Jibu lake limeenea hata katika vyuo vya ualimu, ambako wanafunzi hulikariri kwa mstari mmoja, wakafaulu mtihani, wakalisahau. Twataka kulipima jibu hilo hapa, maana twaona lina nguvu kubwa mahali fulani, na mahali pengine lavuja.

Bwana Popper alizaliwa Vienna, katika nchi ya Austria, mwaka 1902. Alihama mwaka 1937, mwaka mmoja kabla Hitler hajaitwaa nchi ile, akafundisha New Zealand. Kisha tangu mwaka 1946 alifundisha London, na Uingereza ndiko alikofia mwaka 1994. Kitabu chake kikubwa cha kwanza juu ya sayansi kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1934. Lakini mtu atakaye kumjua upesi na asome hotuba aliyoitoa Cambridge mwaka 1953, iliyotiwa baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1963, Conjectures and Refutations, jina ambalo kwa lugha yetu twaweza kulisema Makisio na Makanusho. Hotuba hiyo ndiyo tunayoihakiki.

Kwanza tuseme kwamba ni hotuba njema kusomwa. Wanafalsafa wengi huandika kama watu wafichao mali. Huyu aandika kama mtu atakaye kueleweka. Aanza na habari ya ujana wake mwaka 1919, alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, vita vimekwisha, ufalme wa Austria umevunjika, nao vijana wa mji wanajadiliana usiku na mchana juu ya mafundisho mapya. Kulikuwa na mafundisho ya Marx juu ya historia, na ya Freud na Adler juu ya nafsi ya mwanadamu, na ya Einstein juu ya mvutano wa nyota na sayari. Kijana Popper akaona kwamba wafuasi wa wale watatu wa kwanza walikuwa na furaha ya namna moja: kila walichokiona kiliwathibitishia mafundisho yao. Wakifungua gazeti, ushahidi umo katika kila ukurasa. Mgonjwa akija, ushahidi umekuja naye.

Atoa mfano ambao haumtoki msomaji kichwani. Mtu mmoja amsukuma mtoto majini ili afe. Mtu wa pili ajitupa majini ili amwokoe, naye afa badala yake. Muulize mfuasi wa Adler. Atasema wote wawili waliona unyonge moyoni mwao: wa kwanza alitaka kujionyesha kwamba athubutu kuua, wa pili kwamba athubutu kuokoa. Muulize mfuasi wa Freud, naye ana maelezo yake kwa wote wawili. Hakuna tendo la mwanadamu lisiloingia katika mfuko huo. Watu walidhani hiyo ndiyo nguvu ya mafundisho yale. Bwana Popper akasema, la, huo ndio udhaifu wake.

Msomaji aliyepata kuona ramli ikipigwa hahitaji kuelezwa zaidi. Mpiga ramli akisema mgonjwa atapona, naye akapona, ramli ni kweli. Asipopona, mbuzi hakuwa mweusi barabara, au mizimu haikuridhika, au yuko mtu nyumbani aliyevunja mwiko. Ramli haijapata kushindwa tangu ianze kupigwa.

Katika hotuba hiyo mna kisa kingine kilichopendwa sana na wanaomnukuu Bwana Popper. Alimpelekea Adler habari za mtoto mmoja ambaye, kwa maoni yake, hakufanana na mafundisho ya Adler. Adler akamweleza mtoto yule papo hapo bila kumwona. Alipoulizwa ana hakika gani, akajibu kwamba ameona mambo kama hayo mara elfu. Na kijana akamrudishia kwamba bila shaka sasa yamekuwa elfu na moja. Twacheka, na Bwana Popper alitaka tucheke. Lakini Adler alikufa mwaka 1937, miaka kumi na sita kabla ya hotuba hiyo, naye asimuliaye majibu yake mwenyewe ya zamani hashindwi kamwe. Tusikipe kisa hiki uzito kuliko kilio nao.

Uzito uko kwa Einstein. Yeye alisema kwamba mwanga wa nyota upitapo karibu na jua hupindwa, na akasema ni kwa kiasi gani. Digrii moja ya pembe ikikatwa vipande 3,600, mwanga huo hupindwa vipande 1.75, nao wenye kufuata hesabu za Newton wangetazamia nusu yake tu. Jua likiwaka nyota zilizo karibu nalo hazionekani, kwa hiyo ilibidi kungoja jua lipatwe. Lilipatwa tarehe 29 Mei 1919. Waingereza wakatuma watu mahali pawili: Eddington na mwenzake wakaenda kisiwa cha Príncipe, magharibi ya Afrika, na wengine wakaenda Sobral, katika Brazili. Picha zikapigwa, zikapimwa, na mwezi wa Novemba ikatangazwa London kwamba Einstein amesema kweli. Kilichomshangaza Bwana Popper si ushindi huo. Kilichomshangaza ni kwamba Einstein alikuwa amejiweka mahali pa kushindwa. Alitaja hesabu mapema, mbele ya watu wote, na lau nyota zingaliukataa unabii wake asingalikuwa na pa kujificha.

Ndipo lilipotoka jibu lake maarufu: nadharia ni ya sayansi ikiwa laweza kutokea jambo litakaloikanusha, na nadharia isiyoweza kukanushwa na jambo lolote si ya sayansi, hata ikiwa na maneno makubwa namna gani. Hatusemi kwamba jibu hili ni dogo. Mwalimu akilitia kichwani mwa mtoto wa darasa la saba, amempa ngao. Mtoto huyo akiambiwa na mwenye sanduku la chupa kwamba dawa yake yatibu kila kitu, atauliza: "Ni jambo gani nikiliona nitajua kwamba haitibu?" Wauza chupa wengi watafunga sanduku lao.

Sasa tuseme panapovuja.

Mwaka 1781 William Herschel aliiona kwa darubini sayari ya Uranus, ambayo watu wa kale hawakuihesabu. Wataalamu wa nyota wakaandika njia yake kwa hesabu za Newton, na miaka ilivyopita sayari ikakataa kwenda katika njia iliyoandikiwa. Ilipotoka kidogo, kisha zaidi. Tazama basi: hesabu za Newton zimetaja jambo mapema, na jambo limezikanusha. Kwa kanuni iliyokaririwa kwa mstari mmoja, yapasa Newton atupwe. Lakini Mfaransa mmoja, Le Verrier, hakumtupa. Alisema pana sayari nyingine nje ya Uranus isiyojulikana na mtu, nayo ndiyo inayoivuta. Mtu angaliweza kumwambia kwamba huo ni udhuru kama ule wa mbuzi asiyekuwa mweusi barabara. Le Verrier akakaa akapiga hesabu, akapeleka barua Berlin kwa Galle akimwambia aelekeze darubini mahali fulani pa mbingu. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Galle akatazama, na sayari ikawapo, haikukosa mahali palipotajwa hata kwa digrii moja. Ndiyo Neptune.

Mtu huyo huyo alikuta jambo la pili. Zuhali na Mshtarii na wenzao walikwenda vizuri, lakini Utaridi, sayari iliyo karibu kabisa na jua, ilikosa njia yake kwa kiasi kidogo sana ambacho hakikuondoka kwa hesabu yoyote. Le Verrier akatumia dawa ile ile iliyomponya kwanza. Mwaka 1859 akasema pana kitu kisichojulikana, safari hii kati ya Utaridi na jua. Daktari mmoja wa kijiji katika Ufaransa akadai kwamba amekwisha kuiona sayari hiyo ikipita mbele ya jua. Ikapewa na jina, Vulcan. Watu wakaitafuta miaka mingi, jua lilipopatwa na lisipopatwa. Haikuwapo. Le Verrier alikufa mwaka 1877 akiwa bado aiamini, na mwaka 1915 Einstein akaonyesha kwamba Utaridi haina mvutaji wa siri. Hesabu za mvutano zenyewe ndizo zilizohitaji kutengenezwa.

Tulitafakari sana juu ya habari hizi mbili. Mtu ni mmoja, elimu ni moja, udhuru ni mmoja. Mara ya kwanza alipata sayari na mara ya pili alikosa. Je, mwaka 1846 alikuwa mwanasayansi na mwaka 1859 akawa mpiga ramli? Hasha. Mara zote mbili alifanya kazi ya sayansi, na hapo ndipo kanuni ya mstari mmoja inapomwacha msomaji njiani, maana yaonekana kumwagiza mtu aiache nadharia yake siku ile ile inapopingwa, na hakuna mtaalamu mwema aliyepata kufanya hivyo.

Hata mfano wake mwenyewe Bwana Popper wa mwaka 1919 haukuwa mweupe kama aueleza. Kule Sobral kulikuwa na darubini mbili. Picha za moja zilitoa hesabu iliyokaribia ile ya Newton; wenye safari wakaziweka kando, wakisema kwamba joto la jua liliharibu chombo na nyota zilitoka na ukungu. Je, si udhuru? Ni udhuru, tena uliowafaa. Lakini mtu yeyote aliweza kuzitazama bamba zile na kuuona ukungu wenyewe. Mwaka 1922 safari nyingine ikaenda Australia kungoja jua lipatwe tena, na hesabu ikatoka ile ile ya Einstein. Na mwaka 1979 bamba za Sobral zikapimwa upya kwa vyombo bora, zikamkubali Einstein.

Hayo ni ya kanuni kuwafukuza walio wa ndani. Kosa la pili twaliona kubwa zaidi, maana kanuni hiyo yawaingiza walio wa nje, na hili limetugusa katika nchi yetu.

Mwaka 2011 watu wa Tanzania na Kenya na nchi nyingine za jirani walimiminika kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa na wote Babu, alikuwa akiwanywesha watu kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Alisema kwamba Mungu alimfunulia dawa hiyo, nayo yaponya UKIMWI, saratani, kisukari na maradhi mengine. Magari yalipanga mstari wa kilomita nyingi, na wako wagonjwa waliokufa kabla ya kukifikia kikombe. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021, nasi hatuandiki ili kumhukumu nia yake.

Twataka kulipima neno lake tu. "Anywaye kikombe hiki atapona UKIMWI." Je, neno hili laweza kukanushwa? Laweza kabisa. Damu yapimwa kabla, yapimwa baadaye, na karatasi yatoka na jibu. Basi kwa kanuni ya mstari mmoja neno la kikombe lastahili kuitwa la kisayansi, tena kuliko mafundisho ya Adler! Wanajimu wa magazetini nao wataingia kwa mlango huo huo, kwa kuwa hutabiri mambo yanayoweza kupimwa. Mwaka 1985 Shawn Carlson, Mmarekani, alichapisha katika gazeti la Nature habari ya jaribio lililowapa wanajimu maelezo ya tabia za watu watatu wachague moja linalofanana na nyota za mtu; wakapata theluthi moja, yaani kama aliyefumba macho akachagua. Wamekanushwa, na kazi yao yaendelea.

Kilichokitenga kikombe na sayansi kilionekana baadaye. Wako waliopimwa tena wakakutwa na virusi vile vile, na hapo nyudhuru zikasikika vijijini: huyu hakuwa na imani ya kutosha, yule alikunywa akiwa na shaka, mwingine hajangoja siku zake. Hakuna mizani ya kuipima imani hiyo kabla ya mtu kunywa. Hupimwa baada, kwa kuangalia kama amepona. Aliyepona alikuwa nayo, asiyepona hakuwa nayo. Na katikati ya nyudhuru hizo wako walioacha dawa zao za hospitali.

Sisi ni watu wa imani, wala hatuoni haya kusema hivi. Kumwomba Mungu ni jambo moja, na kusema kwamba damu ya mtu fulani haina virusi ni jambo lingine. La pili ni neno juu ya damu, na damu yaweza kuulizwa.

Kwa hiyo twaona mpaka haupiti katikati ya maneno, haya yakanushika na yale hayakanushiki. Wapita katika nyudhuru. Kila elimu, ya kweli na ya bandia, siku moja itatoa udhuru, maana dunia ni ngumu na vyombo huharibika. Tutazame udhuru huo umefungua mlango gani. Le Verrier aliposema pana sayari nyingine, alitaja na mahali pa kutazama. Udhuru wake ulitoa shingo yake yenyewe ikatwe, na mara ya pili kweli ikakatwa. Udhuru wa "hakuwa na imani" hautoi shingo. Hausemi tazama wapi, wala lini, wala tukiona nini tutaacha. Wafunga mlango kisha wakaa mbele yake.

Kwa haki ya Bwana Popper yatupasa kukiri kwamba hakuwa kipofu. Katika hotuba ile ile, mwishoni mwa maneno saba anayoyapanga kwa namba, asema kwamba wako watu ambao nadharia yao ikisha kukanushwa huitilia kiraka ili isife, nao huinunulia uhai kwa kuiharibia heshima ya sayansi. Jambo hilo alikuwa ameligusa tangu kitabu cha mwaka 1934. Lawama yetu ni kwamba aliliweka nyuma lililostahili kuwa mbele. Msomaji hukariri namba ya kwanza, na huchoka kabla ya kufika ya saba. Mwenzake wa London, Imre Lakatos, Mhungari aliyekufa mwaka 1974, ndiye aliyelileta mbele aliposema tuupime mwendo wa nadharia kwa miaka: je, kila kiraka kimetuonyesha jambo jipya, au ni kiraka juu ya kiraka? Yuko na Larry Laudan, Mmarekani, aliyeandika mwaka 1983 kwamba swali zima la mpaka limekufa, lizikwe. Aweza kusema hivyo mtu asiyeulizwa na jirani yake kama amrudishe mtoto hospitali au ampeleke kwa mwenye kikombe.

Wala msomaji asidhani kwamba udhuru wa kufunga mlango ni wa waganga tu. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Nafasi katika jokofu ilikuwa ikimalizika, akatia maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa baridi. Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wanafunzi wakaifanya mzaha. Walimu hao walishika kitabu cha kweli, na hesabu za kupoa kwa maji zilizomo ni za kweli. Lakini jibu lao ni lile lile la mpiga ramli: kosa li kwako, halimo katika ramli. Nasi walimu na tusome hapo polepole.

Ndipo Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja Mkwawa kuzungumza, na kijana akasimama akauliza swali lake mbele ya wote: maji ya digrii 35 na maji ya digrii 100, kwa nini haya ya moto yagande kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba ya moto kweli yametangulia, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Fundi huyo, maskini, alisema kwa sauti jambo ambalo wengi hulifanya kimya kimya. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha habari hiyo pamoja, na jambo lenyewe sasa laitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Je, ni kweli? Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliomba maelezo yake, na majibu zaidi ya 22,000 yakaletwa. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima upya upoaji wa maji, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Wakaonyesha kwamba kipimajoto kikipandishwa au kushushwa sentimita moja tu ndani ya chombo, chaweza kumdanganya mpimaji. Ni udhuru dhidi ya Mpemba, lakini wasema tazama wapi. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, katika Kanada, walionyesha jambo la namna hiyo, si kwa maji, bali kwa punje ndogo sana ya kioo. Habari ya maji ingali inabishaniwa. Mwalimu mwenye jokofu shuleni, vikombe viwili vya sura moja na kipimajoto, na wanafunzi wasiochoka kuandika, aweza kuanza Jumatatu.